Daktari mmoja kasema ni usonji, wa pili kakataa: nimfuate yupi?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Walukuba hapa Jinja, Uganda. Nauza mitumba, mume wangu ni fundi wa redio na simu. Nakuandikia kuhusu mwanangu wa pili, mvulana wa miaka 8, yuko P.3, darasa la tatu la msingi.

Mtoto huyu anaongea. Alichelewa kidogo, lakini sasa anasema Kiswahili cha nyumbani, Kisoga cha majirani na Kiingereza cha shule, na kusoma alijua mapema kuliko dada yake. Shida zake ni nyingine. Namba za bodaboda zote za steji yetu anazo kichwani. Siku moja kijana anayempeleka shule alikuja na pikipiki ya ndugu yake kwa kuwa ya kwake ilikuwa gereji. Mtoto alizunguka nyuma, akasoma namba, akakataa kupanda. Nilimbembeleza, nikamfokea, kijana wa boda akamnunulia hata pipi. Alilia mpaka akatapikia sare, na shule hiyo siku hakwenda.

Shuleni kwao kengele ni rimu ya lori iliyotundikwa kwenye mwembe, inagongwa kwa chuma. Ikilia anaziba masikio anakimbilia chooni, na huko anakaa mpaka mtu amfuate. Uji wa saa nne hanywi asipopata kikombe cha njano. Rafiki hana hata mmoja. Akicheza na wenzake anataka wafuate sheria zake, wakikataa anajiondokea. Mwalimu wake anasema ni mwerevu kuliko wengi ila kama amejifungia ndani. Muhula huu amekosa siku nyingi, maana kila asubuhi tumbo linamuuma, na Jumamosi haliumi.

Mwaka jana tulichanga pesa tukampeleka kliniki moja ya binafsi Kampala. Daktari alimtazama, akatuuliza maswali mawili matatu, hata nusu saa haikufika, akaandika: usonji, yaani autism, kiwango cha kwanza. Nililia usiku kucha. Baadaye shemeji akatupeleka kwa daktari rafiki yake hapa mjini. Huyo alicheka. "Mama, mtoto anasoma, anaongea lugha tatu, na mimi amenitazama usoni. Usonji gani huo? Mnyang'anye simu, mchape kidogo, atanyooka."

Mume wangu amempenda huyu wa pili, kwa sababu anasema yeye mwenyewe utotoni alikuwa hivi hivi. Na ni kweli. Mpaka leo hapendi mikusanyiko, harusini anasalimia anatoka, chakula chake ni kile kile, na meza yake ya kazi ole wako uisogeze. Lakini ana wateja, ana familia, hana neno na mtu. Mama mkwe naye anasema mtoto apelekwe Iganga akafanyiwe mambo ya ukoo.

Linaloniuma zaidi ni dada yangu. Mwanawe ana miaka 12. Hasemi neno, bado anavaa nepi, ana kifafa, usiku halali, na mlango lazima upigwe kufuli la sivyo anaelekea barabarani. Aliambiwa ni usonji tangu mtoto ana miaka 4. Nilipomweleza kwamba wangu naye ameandikiwa jina hilo, alinyamaza kwanza, kisha akasema: "Wako anakwenda shule na begi mgongoni. Usichukue mzigo wa mwanangu ukaufanya fasheni." Tangu Idi hatusemeshani.

Nimejaza pia fomu ya maswali niliyotumiwa kwenye WhatsApp, inaitwa M-CHAT, majibu yakasema hana dalili. Shangazi, mstari uko wapi? Nani anayeamua kwamba huyu ana usonji na yule ni mtoto mwenye vituko tu? Nitafute daktari wa tatu?

Mama wa Walukuba

---

Marahaba, mwanangu. Pole na hayo yote, hasa na dada.

Hiyo fomu ya WhatsApp ifute kwanza. M-CHAT ilitengenezwa kwa watoto wa miezi 16 hadi 30. Inauliza kama mtoto ananyoosha kidole kuonyesha kitu, kama anageuka akiitwa jina lake. Mtoto wa P.3 anayesoma vitabu ataipita hata awe na usonji uliokomaa. Na hata kwa watoto wa miezi hiyo, kazi ya fomu ile ni kusema nani apelekwe kuchunguzwa, basi.

Sasa kuhusu mstari. Usonji hauna kipimo cha damu, na hakuna picha ya kichwa inayouonyesha. Unatambuliwa kwa kumtazama mtoto, kusikiliza historia yake, kisha mtu aliyesomea kazi hiyo anaamua. Kwa hiyo mstari umechorwa na watu, na watu hao wameusogeza zaidi ya mara moja. Leo Kanner alipoandika makala yake kule Marekani mwaka 1943 aliwaeleza watoto 11 tu, na kwa miaka mingi jina hilo lilibaki la wachache wenye hali nzito. Baadaye Lorna Wing, daktari Mwingereza ambaye binti yake mwenyewe alikuwa na usonji, alisisitiza kwamba wako wengine wengi wenye ugumu wa namna ile ile, ila wanaongea na wana akili, na nao wanahitaji msaada. Mwaka 1994 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, DSM, uliwapa jina lao, Asperger. Mwaka 2013 jina hilo likaondolewa, wote wakawekwa chini ya usonji mmoja wenye viwango vitatu, kulingana na msaada ambao mtu anahitaji. Hicho kiwango cha kwanza ulichoandikiwa hakina maana ya kuugua kidogo. Maana yake ni kwamba mtoto anahitaji msaada, ila si mwingi kama wa kiwango cha tatu.

Ndiyo maana dada yako anasikia habari za fasheni. Marekani mwaka 2000 walihesabu mtoto 1 kati ya 150 wa miaka 8. Mwaka 2022 wakahesabu 1 kati ya 31. Sehemu ya ongezeko hilo imetokana na mstari kupanuliwa na watu kujua cha kutafuta. Kwetu hapa, utafiti ulioongozwa na Dokta Angelina Kakooza-Mwesige wa Makerere, uliotoka mwaka 2014, uliwaangalia watoto wa miaka 2 hadi 9 wa Kampala na Wakiso ukakadiria kama 7 katika kila 1000. Waganda walikuwa nao zamani, majina ndiyo yalikuwa mengine: bubu, mkaidi, mtoto wa mizimu.

Vigezo vyenyewe vina pande mbili. Upande wa kwanza ni ugumu wa kuwasiliana na kuhusiana na watu. Wa pili ni mambo ya kurudiarudia, kung'ang'ania utaratibu, na hisia zinazozidi au kupungua, kama hiyo rimu inavyomwingia masikioni. Pande zote mbili ziwepo, na ziwe zimeanza utotoni. Halafu kuna sharti jingine ambalo watu wengi huliruka, na kwangu hilo ndilo mstari wenyewe: mambo hayo yawe yanamzuia mtoto kuishi maisha yake. Kuwa tofauti peke yake hakutoshi. Mtoto anayejua namba zote za boda na kudai kikombe cha njano, huku anakula, analala, anasoma na ana mwenzake wa kucheza naye, mimi ningesema mwacheni. Kuna wataalamu wanaoandika jina hili kwa wepesi mno siku hizi, na sipendi.

Mwanao si huyo niliyemsema. Anatapika kwa sababu ya namba ya pikipiki. Anajificha chooni kila kengele ikilia. Tumbo linalouma Jumatatu hadi Ijumaa na kupona Jumamosi linaogopa shule. Mimi si daktari na sijamwona, lakini kwa ulivyoandika, naona amevuka.

Yule daktari wa pili amekosea hoja zake, hata kama ingetokea jibu lake likawa sahihi. Kusoma na kuongea hakumwondoi mtu kwenye usonji, na hilo si jambo la jana. Kutazama usoni nako kwetu ni kipimo kibovu. Mtoto aliyefundishwa Busoga kupiga magoti na kuinamisha macho mbele ya wakubwa utampimaje kwa macho? Na huko kumchapa nisikusikie. Mtoto anayekimbia kelele ukimchapa unamwongezea kitu cha pili cha kukimbia.

Wa kwanza huenda alisema kweli, ila alifanya haraka. Nusu saa bila barua ya mwalimu, bila kuuliza alianza lini kusema, bila kupima masikio! Kabla ya jina kuna vitu vya kuondoa njiani. Masikio yapimwe, na macho. Uulizwe kama huwa anaduwaa ghafla hasikii hata akiitwa, maana kuna kifafa cha namna hiyo. Umchunguze taratibu kama shuleni kuna mtoto au mwalimu anayemwonea, kwa sababu tumbo la asubuhi linaweza kuwa la mtu na lisiwe la kengele. Yawezekana pia ana tatizo la kutotulia na kukosa umakini, lile la ADHD. Zamani mwongozo ulikataza kuyaandika yote mawili kwa mtoto mmoja, tangu 2013 umeruhusu.

Sasa mumeo. Usimbishie, kwa sababu amesema kitu kikubwa bila kukusudia. Usonji hutembea katika familia, na inawezekana kabisa yeye na mwanawe wametoka kwenye udongo mmoja. Tofauti ni kwamba yeye ana meza yake. Skrubu zinabaki alipoziweka, mteja anakuja na shida moja anaondoka, na hakuna anayemgongea rimu ya lori. Tabia zile zile, lakini hazimzuii. Unaweza kuuliza, hali gani hiyo inayokuwapo ukikaa hapa na kutoweka ukikaa pale? Fundi cherehani asiyeona mbali anaweza kuzeeka bila kujua kwamba macho yake yana tatizo. Mkabidhi basi la Kampala usiku uone. Mwombe mumeo akumbuke yeye alipokuwa P.3 nini kilimtesa na nani alimsaidia. Atamfaa mtoto kuliko daktari yeyote akianza kulisema hilo.

Daktari wa tatu nenda, ila usimfanye refa. Anzia hospitali ya rufaa hapo hapo Jinja, idara ya afya ya akili, uulize anayeona watoto. Wakishindwa, omba barua ya kwenda Kampala, hospitali ya Mulago kwenye kliniki ya watoto ya mishipa ya fahamu, au hospitali ya akili ya Butabika, ambako wana huduma ya watoto. Foleni ni ndefu, beba uji. Beba pia kadi yake ya kliniki ya utotoni, barua ya mwalimu yenye mifano badala ya sifa, na video fupi ya simu ya asubuhi moja ya tumbo. Kwenye chumba cha daktari mtoto atakaa kimya kama malaika, kila mama anajua hilo. Na swali lako lisiwe "anao au hana". Muulize: anahitaji nini ili akae darasani siku nzima, na unaweza kuniandikia?

Nakusihi hivyo kwa sababu ya jinsi mambo yalivyo kwetu. Nchi nyingine jina likishaandikwa linafungua bima au bajeti ya shule. Hapa halikuletei shilingi. Kuna walimu wakuu wakisikia usonji wanamwona mtoto wa dada yako akilini, wanakwambia nafasi zimejaa, hasa shule za bweni. Basi jina hilo ni lako, unaamua nani alione. Lina kazi yake mbele ya safari: UNEB, baraza la mitihani la taifa, huwapa muda wa ziada watahiniwa wenye mahitaji maalumu, na maombi hupitia shuleni. Lakini P.7 bado iko mbali, na kengele inalia kesho.

Yapo ya kufanya bila karatasi ya mtu. Kikombe cha njano kinunue sokoni kiingie kwenye begi. Hujamdekeza, umempa uji. Kijana wa boda mwambie akibadilisha pikipiki akupigie jioni, umwandikie mtoto namba mpya kwenye kikaratasi aisome mara kumi kabla ya kulala. Kuhusu kengele, kaa na mwalimu wa darasa, usiende kwa mwalimu mkuu kwanza. Mwombe amwambie mtoto dakika chache kabla haijalia, amruhusu asimame mbali na mwembe. Au wamjaribu awe mgonga kengele. Wako watoto wanaovumilia kelele wanayoitoa wao wenyewe, kwa sababu wanajua inakuja saa ngapi, na mtoto anayependa utaratibu kama wako hatakosea muda hata siku moja. Akikataa, wasimlazimishe.

Iganga nendeni mkasalimie ukoo, ni haki yao. Lakini mtoto asinyweshwe kitu, asichanjwe chale, na msiuze kuku kumlipa mganga. Hakuna dawa inayoondoa usonji, ya mizizi wala ya duka la Kampala, na anayedai anayo anataka pesa.

Nimemwacha dada yako mwisho kwa sababu ndiye mwenye haki ya kusikilizwa kuliko sisi wote. Alichokisema kwa hasira, wataalamu wamekisema kwa utulivu. Mwaka 2021 jopo la jarida la tiba la Lancet lilipendekeza jina la pembeni, usonji mzito, kwa walio na miaka 8 kwenda juu wanaohitaji mtu mzima karibu muda wote, wasio na lugha au wenye ulemavu mkubwa wa akili. Walihofia kwamba jina likiwa pana sana, wasioweza kujisemea watasahauliwa, huku utafiti na habari zikijaa wanaoongea vizuri. Wapo watu wazima wenye usonji wanaolipinga pendekezo hilo, wanasema wao watanyimwa msaada kwa kisingizio kwamba hali yao si nzito. Mimi niko upande wa dada yako kwa nusu: mtoto wake na wako wasiwekwe kwenye sentensi moja kana kwamba wanahitaji kitu kimoja. Nusu ya pili simuungi mkono, kwamba wako kwa kuwa anabeba begi basi hana lolote.

Kama ni mkubwa wako, wewe ndiye unayekwenda. Usimpigie simu. Nenda nyumbani kwake, na neno "na mimi" liache mlangoni. Mwambie hali za watoto wetu si moja, na hukukusudia kuzifananisha. Kisha muulize dawa za kifafa anapata kila mwezi au kuna miezi anakosa, maana zikikatika ghafla ni hatari, na kituo cha afya cha serikali kinapaswa kuwa nazo. Halafu jitolee kukaa na mtoto huyo Jumamosi mchana, kufuli likiwa mlangoni, ili yeye alale. Mama ambaye mwanawe halali usiku, miaka yote hiyo, amekusemesha akiwa hajalala. Ukianza hiyo Jumamosi usikose ya pili, atakuwa ameshaihesabu.

Jambo la mwisho ni dogo. Nunua faili moja, uweke humo kila karatasi: ya Kampala, ya masikio, barua za walimu wa kila mwaka, na karatasi yako mwenyewe yenye tarehe za siku alizokosa shule na sababu. Shule ikiomba, toa fotokopi. Karatasi halisi zibaki nyumbani, juu ya kabati, mbali na meza ya mumeo.

Shangazi